Kusoma na kibarua ughaibuni: mwongozo kwa anayeondokea Tanga

Ikifika Julai na Agosti, barua za udahili zikianza kuingia, baraza la kwetu hapa Ngamiani halikosi wageni. Kijana anakuja na simu mkononi, shikamoo, marahaba, chai inamiminwa, na kikombe hakijafika nusu swali limeshatoka: "Kaka, kule mtu anaweza kufanya kazi akajilipia ada?"

Hawezi. Naanza na jibu hilo kwa sababu ndilo linaloamua mengine yote. Kibarua cha mwanafunzi kinalipa chakula, nauli, vocha na, ukijibana, sehemu ya chumba. Ada hakiigusi. Aliyeondoka akiijua hesabu hiyo hufanya kazi kidogo, akasoma, akamaliza. Aliyeondoka akidhani atajilipia mwenyewe, mwaka wa pili unamkuta anafanya kazi za usiku kwa siri, mchana analala darasani, na barua ya watu wa uhamiaji iko njiani.

Mimi nilisoma Uingereza miaka minne, mitatu ya shahada ya kwanza na mmoja wa uzamili. Katika hiyo minne nimeosha masufuria, nimepanga vitabu maktaba, nimewalisha wazee uji wao wa asubuhi. Mengi ya humu niliyajua baada ya kuumia, kwa hiyo yafuate kwa mpangilio wake.

Hatua ya 1: Piga hesabu kabla familia haijauza kitu

Chukua karatasi na kalamu. Tufanye unakwenda Uingereza. Mwezi wa Aprili 2025 kima cha chini cha mshahara kwa mwenye miaka 21 na kuendelea kilipandishwa hadi pauni 12.21 kwa saa, na kwa wa miaka 18 mpaka 20 kikawa pauni 10. Viza ya masomo inaruhusu saa 20 kwa wiki wakati wa muhula. Usizidishe 20 kwa 12.21 ukaanza kuchekelea. Mwezi wa kwanza hupati kitu, bado unatafuta. Mitihani ikikaribia unapunguza zamu. Januari, sherehe zimekwisha, mikahawa mitupu, meneja anakupa zamu moja kwa wiki na kukwambia pole.

Weka saa 12 kwa wiki, kwa wiki 30: pauni 4,395. Ongeza likizo ya kiangazi, wiki 10 za saa 35: pauni 4,273. Jumla haifiki 8,700 kwa mwaka mzima. Ada ya mwanafunzi mgeni inapita pauni 10,000 kwa mwaka karibu kila chuo, na hapo bado hujala wala hujalala.

Kwa hiyo kikao cha kuuza kiwanja cha Pongwe kikikaa, kiulize ada ya miaka yote inatoka wapi, sio ya mwaka wa kwanza tu. "Akifika huko atajipanga" sio bajeti. Nimeisikia kwenye vikao vitatu mpaka sasa, na kila mara inasemwa na mjomba ambaye safari yake ya mbali kabisa ni basi la Dar es Salaam.

Tena watoa viza wenyewe hawakihesabu kibarua ambacho hujakipata. Wanataka kuona fedha zipo. Wajerumani wamekwenda mbali zaidi: unaziweka kwenye akaunti iliyofungwa, na tangu 2024 kiwango kimekuwa euro 11,904 kwa mwaka, ukiachiwa 992 kila mwezi. Hapo utaona wamekufanyia bajeti wao, maana wanajua ukiachiwa zote mwezi wa kwanza utanunua simu.

Hatua ya 2: Soma masharti ya viza ya nchi yako, sio ya rafiki yako

Kosa kubwa la vijana wetu ni kuchukua habari za binamu aliyeko Canada na kuzipeleka Malaysia. Kila nchi ina sheria yake, na zinabadilika. Nitakazotaja ndizo ninazozijua, lakini kabla hujasaini mkataba fungua ukurasa wa uhamiaji wa nchi husika ukasome mwenyewe, ule wa serikali, sio wa wakala.

Uingereza ni saa 20 kwa wiki kwa anayesoma shahada, saa 10 kwa anayesoma kozi iliyo chini ya shahada, na wakati wa likizo unaweza kufanya kazi kutwa. Usichoruhusiwa ni kujiajiri. Neno hilo linabeba mengi kuliko linavyosikika, na hapa nasimama kidogo kwa ajili ya watu wa Tanga.

Sisi ni watu wa baiskeli. Mtu wa kwetu akifika mji wa Ulaya, akaona vijana wanapita na mabegi makubwa ya mraba mgongoni wakipeleka chakula, moyo unamwambia: kazi yangu hii hapa. Mimi mwenyewe nilishatafuta bei ya baiskeli. Bahati nikasoma kwanza. Wapeleka chakula wengi wa programu za simu kama Deliveroo na Uber Eats hawaajiriwi na kampuni, wanahesabika kuwa wamejiajiri. Kwa viza ya masomo ya Uingereza hilo ni kosa, hata ukifanya saa mbili tu kwa wiki. Kukodi akaunti ya mtu mwingine ni kosa juu ya kosa. Na haliishii kwenye baiskeli: kusuka nywele chumbani kwa malipo, kuuza sambusa kwa wanafunzi wenzako, kutafsiri nyaraka kwa ankara yako mwenyewe, kufungua chaneli ya video ukalipwa na matangazo, yote yanaangukia kwenye kujiajiri. Dada mmoja wa kwetu alikuwa na mikono ya hina ambayo harusi zote za Waswahili wa mji ule zilikuwa zinamtaka. Alipaka bure miaka mitatu. Aliumia, lakini viza yake ilibaki safi.

Marekani mwaka wa kwanza unafanya kazi ndani ya kampasi tu, saa 20 kwa wiki wakati wa muhula. Ya nje inahitaji ruhusa maalumu, na mara nyingi iwe inahusiana na unachosoma. Mtu wa kumwuliza ni ofisa wa wanafunzi wa kimataifa wa chuo, na mwulize kabla hujaanza, kwa maana kule kazi ya nje bila ruhusa inaivunja hadhi yako hapo hapo.

Canada tangu Novemba 2024 ni saa 24 kwa wiki nje ya kampasi. Habari za "saa hazina kikomo" bado zinazunguka kwenye makundi ya WhatsApp, lakini ile ilikuwa ruhusa ya muda na ilikwisha Aprili 2024. Australia ni saa 48 kwa kila wiki mbili, na huruhusiwi kuanza kabla kozi haijaanza. Ujerumani wanahesabu siku: siku 140 kamili kwa mwaka au nusu siku 280, na kazi za usaidizi chuoni hazimo kwenye hesabu hiyo.

Halafu kuna nchi ambazo watoto wetu wengi ndiko wanakokwenda na hakuna anayewaambia. India viza ya masomo haikuruhusu kuajiriwa. China huwezi kufanya kazi nje ya chuo bila idhini ya chuo na ya mamlaka ya uhamiaji. Anayekwenda huko aondoke na fedha za kula kwenye hesabu yake, basi. Wakala akikwambia "kazi zipo nyingi", mwambie akuandikie kwenye karatasi yenye muhuri wake uone kama atarudi.

Hatua ya 3: Yamalize Tanga yanayomalizika Tanga

Barua za waajiri. Kama ulishika hata miezi mitatu kwenye hoteli ya Raskazone, duka la dawa Chumbageni au ofisi ya mjomba, omba barua inayosema ulifanya nini na kuanzia lini mpaka lini. Iwe na anwani ya barua pepe ya mtu anayefungua barua pepe zake. Waajiri wa kule hawapigi simu Tanga, wanaandika, na wasipojibiwa ndani ya wiki nafasi inakwenda kwa mwingine. Mdhamini wangu wa kwanza alikuwa mwalimu wangu, mtu mwema sana, ambaye alinijibia baada ya mwezi na nusu kwa sababu alikuwa amesahau nywila.

Cheti cha tabia njema cha polisi. Kazi za kulea wazee na watoto zinauliza rekodi ya nchi ulikotoka, na alama za vidole ni rahisi kutoa ukiwa hapa kuliko kuzituma kutoka Leeds kwa bahasha.

Ujuzi mdogo wenye karatasi. VETA wana chuo hapa Tanga, na kozi fupi ya mapishi au huduma za hoteli itakuweka mbele ya mwenzako aliyeandika tu kwamba anajituma. Leseni ya udereva kama unayo, beba.

Mavazi: suruali nyeusi mbili, mashati meupe mawili, viatu vyeusi vyenye soli isiyoteleza. Jikoni, mapokezi, kuhudumia karamu, kote wanataka hivyo hivyo, na siku ya kwanza hawakungojei uende dukani. Mitumba ya hapa itakuvalisha kwa bei ya soksi za kule.

Hatua ya 4: Wiki za kwanza, karatasi kwanza

Ukifika usikimbilie kazi. Fungua akaunti ya benki. Uingereza sasa viza ni ya kielektroniki: unaingia kwenye akaunti yako ya uhamiaji, unatoa msimbo wa kumpa mwajiri ahakiki haki yako ya kufanya kazi. Chuo kikupe barua inayoonyesha tarehe za mihula, mwajiri ataihitaji ili ajue wiki zipi ni za saa 20 na zipi ni za likizo. Omba namba ya bima ya taifa, kuomba ni bure, na unaweza kuanza kazi kabla haijafika. Anayekutoza fedha akuombee ni mwizi.

Marekani mpangilio umegeuka: kwanza upate kazi ya kampasi, ndipo ukaombe namba ya hifadhi ya jamii ukiwa na barua ya mwajiri na ya chuo. Canada namba yako itaanza na tarakimu 9, alama ya mkazi wa muda, na inakwisha pamoja na kibali chako. Australia omba namba ya mlipakodi mapema, bila hiyo utakatwa kodi kubwa mpaka ushangae.

Hatua ya 5: Anzia kampasi

Kazi za chuo zina faida moja kuliko zote: anayekupangia zamu anajua wewe ni mwanafunzi. Akikuona na mtihani Alhamisi hakupi Jumatano usiku. Maktaba, mapokezi ya mabweni, mgahawa wa chuo, kuwatembeza wageni siku za maonyesho, kuandika maelezo ya mihadhara kwa wanafunzi wenye ulemavu. Zinatangazwa mtandaoni kwenye ukurasa wa ajira wa chuo mwanzoni mwa muhula na kuisha haraka kama vitumbua vya asubuhi.

Na Kiswahili chako usikidharau. Vyuo vingi vya Marekani na kadhaa vya Ulaya vinafundisha Kiswahili na vinahitaji wasaidizi wa mazoezi ya kuongea. Ukiajiriwa na idara, safi. Ukifundisha watu binafsi kwa malipo mkononi, rudi Hatua ya 2.

Mimi nilianza jikoni, mgahawa wa bweni. Siku ya kwanza mpishi mkuu, mtu mnene mwenye sauti ya kondakta, alinipeleka kwenye sinki na kunionyesha sufuria lenye uji wa shayiri ulioungua tangu alfajiri. Akaniachia na brashi ya plastiki. Ile brashi ilikuwa inateleza tu juu ya ule weusi. Nikakumbuka kwetu, bibi na kumbi la nazi na jivu, sufuria linarudi linang'aa kama jipya. Kumbi sina, jivu sina. Nikachemsha maji na magadi yao ya kuokea keki, nikaliacha lilowe huku naosha sahani, nikarudi na sifongo ya chuma. Alipopita akaliinamia, akajiona sura. Hakusema kitu, ila wiki iliyofuata jina langu lilikuwa kwenye ratiba mara tatu. Nasema hivi kwa sababu usaili wa kazi hizi haupimi Kiingereza cha vitabuni. Wanataka kujua kama utakuja kwa wakati na kama ukiachwa na sufuria utalimaliza.

Hatua ya 6: Daftari la saa

Kati ya hatua zote hii ndiyo ninayokuomba uisome mara mbili.

Nunua daftari dogo. Kila zamu andika tarehe, saa ya kuingia, ya kutoka, jumla. Usitegemee meneja wala programu ya kampuni, viza ni yako, sio yao. Na andika kwa saa 24. Nilichelewa kulijua hilo. Ratiba ya ukutani ilisema 2:00, nikanakili "saa 2" kwenye daftari, nikalala. Alfajiri nikalifungua nikasoma kama msomavyo nyote hapo mlipo: saa mbili. Saa mbili asubuhi nimesimama nje ya mlango wa nyuma wa jiko, baridi ya Februari, mlango umefungwa, zamu yangu ni saa nane mchana. Mlinzi aliniuliza kama nimefukuzwa nyumbani. Tangu siku hiyo 14:00 ni 14:00.

Uingereza wiki inahesabiwa Jumatatu hadi Jumapili, na hakuna wastani. Wiki moja ya Novemba mwenzangu aliugua, nikamshikia zamu yake ya Jumamosi. Jumapili usiku nikajumlisha daftari: 23. Meneja akaniambia, "Usijali, wiki ijayo tutakupa 17, zitalingana." Alikuwa mtu mzuri na alikuwa amekosea kabisa. Nikaenda kwa mshauri wa wanafunzi wa kigeni pale chuoni, nikamweleza yote. Akaniambia sheria haijui 23 na 17, inajua 20. Haikufika popote, lakini nilikaa wiki sita sipati usingizi, kwa sababu kuvunja sharti hilo kunaweza kukukatishia viza na kukufuata kwenye maombi ya baadaye.

Saa 20 ni za kazi zote kwa pamoja. Maktaba 12 na mgahawa 10 ni 22, hata kama hawajuani. Kazi isiyolipwa yenye zamu na majukumu ya lazima nayo inaweza kuhesabiwa, kwa hiyo uliza kabla hujajitolea dukani.

Mtego mwingine uko kwa wa uzamili. Wenzako wa shahada ya kwanza Juni wanaingia likizo, wanafanya kazi kutwa. Wewe unaandika tasnifu mpaka Agosti au Septemba, na kipindi hicho kwako ni muhula bado. Madarasa hayapo, mji umechangamka, hoteli zinatafuta watu, na wewe ni saa 20 vilevile mpaka tarehe rasmi ya mwisho wa kozi.

Australia hesabu inahitaji kichwa kilichotulia. Wiki mbili zinaanza Jumatatu yoyote, yaani kila wiki inaungana na iliyoitangulia na inayoifuata. Ukifanya 18 kisha 30, jumla 48, sawa. Wiki ya tatu ukifanya tena 30, ile ya pili na ya tatu zimekuwa 60. Umekosea, ingawa wewe uliona unazipanga mbili mbili vizuri.

Hatua ya 7: Hati ya mshahara na kodi ya mapato

Usifanye kazi ya fedha mkononi. Mwaka wa pili, mfuko umekauka, nilikubali kuosha vyombo kwenye mkahawa mmoja kwa malipo ya bahasha Jumapili. Jumapili ya kwanza, bahasha kesho. Ya pili, mwenye mkahawa amesafiri. Ya tatu nikaambiwa hakuna mtu wa jina langu aliyewahi kufanya kazi pale, na kweli, kwenye karatasi hakuwepo. Kwa polisi ningekwenda kusema nini? Zile saa zilikwenda bure, na kama zingejulikana zingeniumiza mimi kabla ya kumuumiza yeye.

Kazi halali inakuja na mkataba na hati ya mshahara. Isome kila mwezi uilinganishe na daftari. Uingereza kipato cha hadi pauni 12,570 kwa mwaka wa kodi hakikatwi kodi ya mapato, na wanafunzi wengi hawafiki hapo. Lakini ukianza kazi mpya wanaweza kukuweka kwenye kodi ya dharura, ukakatwa usichostahili. Hizo zinarudishwa, ila wakati mwingine lazima uzidai mwenyewe. Marekani mwanafunzi wa viza ya masomo ya F-1 kwa kawaida hakatwi michango ya hifadhi ya jamii miaka mitano ya mwanzo, na wahasibu wengi wa kampuni ndogo hawalijui hilo. Kule pia kila mwaka unajaza fomu namba 8843 hata kama hukupata senti. Australia mwajiri anakuwekea akiba ya uzeeni, na ukiondoka moja kwa moja unaweza kuidai. Wapo waliorudi Dar es Salaam wakaiacha kwa kutojua.

Hatua ya 8: Simu za nyumbani

Simu itaita. Tanga iko saa tatu mbele ya Uingereza majira ya baridi na saa mbili majira ya joto, kwa hiyo ya alfajiri ya mama inakukuta usiku wa manane.

"Mwanangu, za masomo?"

"Nzuri mama mdogo, shikamoo."

"Marahaba. Huku salama. Ila binti wa Makorora anaolewa Ijumaa ijayo, na wewe ndiye wa Ulaya."

Wewe ndiye wa Ulaya. Hakuna daftari la saa linaloweza kushindana na sentensi hiyo. Kilichonisaidia ni kutangaza kiwango mapema: nilimwambia mama kabla sijaondoka kwamba kila mwezi nitatuma pauni 30, mara moja, tarehe 5, kwenye simu yake, na michango yote ya msiba na harusi itoke humo kwa busara yake. Akawa yeye ndiye anayesema hapana kwa niaba yangu, na hapana ya mama haina lawama. Linganisha makato na kiwango cha kubadilishia fedha kabla ya kutuma, kinachotangazwa "bila makato" mara nyingi kimeyaficha kwenye kiwango. Usitume fedha ulizokopa. Na usichukue zamu ya ziada kwa ajili ya harusi.

Masomo yakianza kuyumba punguza saa mara moja, usingoje matokeo. Mimi kipimo changu kilikuwa usingizi: nikisinzia mihadhara miwili kwa wiki, zamu moja inakwenda.

Hatua ya 9: Muhula wa mwisho

Kama unataka kubaki kidogo kufanya kazi, ruhusa inaombwa ukiwa bado na viza, sio baada. Uingereza viza ya wahitimu ni miaka miwili, lakini maombi ya kuanzia Januari 1, 2027 yatapewa miezi 18 isipokuwa kwa wa uzamivu. Marekani ni miezi 12 ya mafunzo kazini, na waliosoma sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati wanaweza kuongeza 24.

Kama unarudi, kusanya hati zote za mshahara, dai kodi yako, funga akaunti baada ya mshahara wa mwisho kuingia, na ukifika peleka vyeti TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, vitambuliwe, waajiri wa hapa watakuuliza. Na kabla hujaaga, omba barua ya kazi kwa kila uliyemfanyia. Mpishi mkuu aliniandikia mistari minne kwa mkono kwenye karatasi yenye nembo ya bweni, na wa tatu unahusu masufuria. Nilipofanya usaili hapa Tanga, mzee aliyekuwa mwenyekiti wa jopo aliupita ukurasa wa shahada, akaisoma ile barua mpaka mwisho, akaniuliza yale magadi nilitia kiasi gani.